Geji ilisema 1.2: uchambuzi wa kisa cha Impreza iliyopasuka pistoni njiani kwenda Mombasa

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea Kenya na kinaandikwa kwa ridhaa ya mwenye gari. Majina ya watu na ya gereji, namba za usajili na tarehe vimeondolewa; vilivyobaki ni vipimo, mfuatano wa matukio na sababu za kila uamuzi, kama zilivyoandikwa kwenye daftari letu la kazi. Mwandishi ni fundi wa injini katika gereji ya pili, yaani ile iliyolipokea gari likiwa limeshaharibika, na kwa hiyo sehemu ya kwanza ya maelezo inatokana na mazungumzo na mmiliki, risiti alizozihifadhi na vipuri vilivyokuwa bado vimefungwa. Kimeandikwa kwa ajili ya mafundi vijana na wenye magari ya turbo (kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada kwa shinikizo), ambao karibu kila wiki hutuuliza swali moja: turbo hii ipandishwe hadi ngapi? Ningependa msomaji aone kwa nini swali hilo, likiulizwa hivyo tu, halina jibu.

Usuli

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya milango minne ya mwaka 2004, iliyotengenezwa kwa soko la Japani na kuingizwa nchini ikiwa imeshatumika. Lina gia tano za mkono, injini ya EJ205 ya sentimita za ujazo 1,994 na turbo moja ya kiwandani, na likiwa jipya lilitangazwa kuwa na nguvu farasi 250. Maboresho yalipoanza lilikuwa limetembea zaidi ya kilomita 140,000. Mmiliki, kijana aliyeajiriwa, alilitumia kila siku kwenda kazini na mara chache kwa safari ndefu na familia yake. Hakuwa na nia ya kushindana na mtu barabarani. Alichotaka, kwa maneno yake, ni gari "linaloamka" mapema linapotoka kwenye mzunguko na linapolazimika kulipita lori.

Mazingira ya kazi yana mambo mawili ambayo fundi wa Nairobi hawezi kuyaruka. La kwanza ni mwinuko. Jiji liko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni karibu kilopaskali 83, ilhali Mombasa ni 101. La pili ni petroli. Magari ya aina hii ya soko la Japani yalipangiwa taimingi, yaani wakati ambao plagi huwasha moto, kwa kufuata petroli ya huko ya daraja la juu, inayouzwa ikiwa na oktani (kipimo cha petroli kustahimili kujilipukia yenyewe) ya karibu 100, na petroli ya super ya vituo vyetu vya kawaida haifikii hapo. Gari likiwa halijaguswa huishi na tofauti hiyo bila matatizo makubwa, kwa sababu kompyuta ya injini husikiliza sensa ya kugonga (mlipuko usiotakiwa ndani ya silinda), hurudisha taimingi nyuma kidogo kidogo pale inapohitajika, kisha hukumbuka ilichojifunza. Kumbukumbu hiyo tutairudia, kwa kuwa ilifutwa siku moja kabla ya safari.

Yaliyotokea

Gereji ya kwanza ilifanya kazi kwa awamu mbili. Katika awamu ya kwanza ilifunga eksozi ya inchi 3 kuanzia kwenye turbo, ikaondoa boksi la filta ya hewa na kuweka bomba pana lenye filta ya wazi, na ikabadilisha vali ya turbo kwa ile inayotoa hewa nje na kulia "pshh" dereva anapoachia mafuta. Hakuna kilichopimwa, si kabla wala baada. Miezi miwili baadaye mmiliki alirudi akitaka zaidi, ndipo akafungiwa kivali kidogo cha kukaza kwa mkono kwenye mpira unaokwenda kwenye westigeti (mlango unaozuia shinikizo la turbo lisipite kiasi), pamoja na geji ya turbo kwenye nguzo ya kioo cha mbele. Jioni moja, yeye na fundi wake walipanda barabara kuu wakawa wanasimama kando, wanakaza skrubu robo mzunguko, wanajaribu tena, mpaka geji ikasoma baa 1.2 (baa moja ni kilopaskali 100). Kabla ya hapo ilikuwa ikisoma 0.8. Aliambiwa kwamba turbo ya kiwandani inaimudu 1.2 na kwamba wengi wamefungiwa hivyo hivyo bila tatizo.

Kwa muda wa wiki tatu gari lilimpendeza sana. Kulikuwa na dalili, lakini kila moja ilipata maelezo yake ya haraka. Msukumo ulikuwa mkali hadi mizunguko 4,500 kwa dakika, kisha ukalegea. Aliambiwa ndivyo turbo ndogo ilivyo. Mara mbili, akipita karibu na ukuta madirisha yakiwa wazi, alisikia sauti nyembamba kama kokoto ndani ya kopo, akadhani ni kinga ya joto ya eksozi iliyolegea. Siku moja kabla ya safari taa ya injini iliwaka. Fundi alichomoa waya wa betri kwa nusu saa na kuurudisha. Taa ikazimika, na gari likawa na nguvu kuliko siku zote. Nguvu hiyo ndiyo iliyompa mmiliki imani ya kwenda pwani.

Aliondoka alfajiri akiwa na abiria watatu na mizigo. Kati ya Mtito Andei na Voi, jua likiwa kali, alikuwa akipita malori ya makontena moja baada ya jingine, kwa gia ya tatu na ya nne, akikanyaga mafuta hadi mwisho kila mara. Kabla ya kufika Voi gari liliishiwa nguvu ghafla na moshi wa bluu ukaonekana kwenye kioo cha nyuma. Aliposimama na kufungua boneti, kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimechomoka mahali pake, na oili ilikuwa imetapakaa juu ya interkula, kipozea cha hewa inayotoka kwenye turbo. Injini ilikuwa bado inanguruma, lakini kwa kutikisika. Kwa busara aliizima hapo hapo, na gari likarudi Nairobi likiwa limevutwa na brekidauni.

Uchunguzi

Tulianza na kompresheni, yaani shinikizo ambalo kila silinda hulifikia, kabla ya kufungua chochote. Silinda tatu zilisoma baa 8.6, 8.4 na 8.5, ya nne ilisoma 3.9. Fundi aliyezoea vitabu vilivyoandikwa kwa usawa wa bahari angeziona zote nne kuwa mbovu, kumbe 8.5 kwenye mwinuko wetu ni injini nzima kabisa. Tulipoijaza silinda ya nne hewa ya kompresa pistoni ikiwa juu, mvumo ulisikika kwenye tundu la kujazia oili, wala si kwenye eksozi wala kwenye radieta. Vali na gasketi ya hedi zilikuwa salama. Tatizo lilikuwa pistoni au pete zake.

Plagi ya silinda hiyo ilieleza mengi kuliko kipimo chochote. Kwenye kauri yake nyeupe, chini ya lenzi ya kukuzia, kulikuwa na chembe ndogo za alumini zinazong'aa mithili ya punje za chumvi, na doa la kijivu pale waya wa pembeni unapopinda. Chembe hizo ni pistoni yenyewe. Hubanduka pale mchanganyiko wa hewa na petroli unapojilipukia wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, na shinikizo la ghafla likapiga kichwa cha pistoni kama nyundo. Huko ndiko kugonga, na ndizo zilizokuwa kokoto ndani ya kopo. Injini ilipofunguliwa, ukingo mwembamba unaotenganisha pete ya kwanza na ya pili ulikuwa umepasuka kwa urefu wa kama kidole gumba, na kipande kimoja hakikuwepo.

Maamuzi na sababu zake

Mmiliki alikuja na mapendekezo mawili. La kwanza lilikuwa kununua injini iliyotumika, kuifunga na kuendelea na mipangilio ileile. Tulilikataa moja kwa moja, kwa kuwa pistoni haikupasuka kwa uchakavu na injini mpya ingekutana na sababu zilezile. La pili lilikuwa kutumia nafasi hiyo kufunga turbo kubwa. Hilo tulilijadili kwa muda, kwa sababu si ombi la kijinga: kwa shinikizo lilelile kubwa, turbo kubwa haipashi hewa joto sana kama turbo ndogo. Lakini huamka ikiwa imechelewa, na mwenye gari alikuwa ametuambia kwamba anataka nguvu za mapema. Isitoshe, turbo kubwa ingehitaji nozeli, pampu ya petroli, klachi na breki za kiwango kingine. Tulimshauri abaki na turbo ya kiwandani, naye akakubali baada ya siku mbili.

Injini ilijengwa upya kwa pistoni za alumini iliyofuliwa badala ya zile za kumiminwa kwenye kalibu. Pistoni za kufuliwa hazizuii kugonga. Zinastahimili makosa mengi kidogo kuliko zile za kumiminwa kabla ya kupasuka, na nilihakikisha mmiliki ameelewa tofauti hiyo kabla hajalipa. Boksi la hewa la kiwandani lilirudishwa. Vali ya turbo ilirudishwa ile inayozungusha hewa ndani, kwa kuwa sensa ya hewa ikishaipima hewa na kompyuta kuipangia petroli, hewa hiyo haipaswi kumwagwa nje. Eksozi ya inchi 3 iliachwa, kwani ni kipuri kizuri kikipangiwa programu yake. Kile kivali cha mkono kiliondolewa, na kazi ya kudhibiti shinikizo ikarudi kwenye kompyuta ya injini.

Uamuzi mkubwa kuliko yote ulikuwa namna ya kulitaja shinikizo lenyewe. Badala ya namba ya geji, tuliweka lengo kwa shinikizo kamili, yaani lile la hewa ya nje likijumlishwa na lile linaloongezwa na turbo. Tulichagua kilopaskali 190, na programu ikapangwa ili lengo hilo libaki lilelile gari liwe Limuru milimani au Likoni pwani. Taimingi tuliipanga juu ya mashine ya kupimia nguvu, kwa petroli iliyonunuliwa kwenye vituo vitatu tofauti vya kawaida, tukiisogeza mbele digrii moja moja huku tukisikiliza bloku kwa vipokea sauti, na tulipofika mahali pa kugonga tulirudi nyuma digrii mbili.

Breki nazo hazikuwa zimeguswa hata mara moja katika maboresho ya kwanza. Oili ya breki ilikuwa nyeusi na pedi zilikuwa za bei rahisi kabisa. Zilibadilishwa kabla gari halijatoka uani.

Matokeo

Kwa mipangilio ya kiwandani injini iliyojengwa upya ilitoa nguvu farasi 161 kwenye magurudumu, na baada ya programu kukamilika ikatoa 188. Uwiano wa hewa na petroli chini ya mzigo ulikaa kwenye 11.2, yaani sehemu 11.2 za hewa kwa moja ya petroli. Gharama ya ukarabati ilizidi mara tatu pesa zote zilizotumika kwenye maboresho ya kwanza.

Na sisi tulikosea. Kile kipande cha pistoni kilichopotea kilikuwa kimesagika na kusambaa ndani ya oili, nasi tukakiosha kipozea oili kilicho juu ya filta badala ya kukitupa. Baada ya kilomita 500 za kuilainisha injini tulikata filta ya kwanza, tukakunjua karatasi yake, tukaona unga wa alumini uking'aa kwenye mikunjo. Tulishusha sampo (karai la oili chini ya injini), tukakuta metali mbili za konrodi, yaani beringi za mikono inayoshika pistoni, zina michirizi. Tulibadilisha metali zote, kipozea oili na bomba la oili la turbo kwa gharama yetu. Njia nyembamba za kipozea hazioshiki, na tangu siku hiyo hatujawahi kuosha kingine.

Mmiliki alikwenda Mombasa tena akiwa na kifaa cha kurekodi data. Akiwa Mtwapa alinipigia simu kwa wasiwasi: geji, iliyokuwa ikisoma karibu 1.07 Nairobi, sasa ilikuwa inasoma 0.89, kwa hiyo alihofia kwamba turbo inavuja. Nikamwomba achukue 101 na kuijumlisha na 89. Ni 190. Ya Nairobi, 83 na 107, pia ni 190.

Uchambuzi

Hesabu hiyo ya simu ndiyo kiini cha kisa. Kivali cha kukaza kwa mkono hakijui shinikizo la nje. Hulinganisha tu ndani na nje, kisha hushikilia tofauti. Kikishikilia baa 1.2 Nairobi, yaani kilopaskali 120, injini hupokea shinikizo kamili la takriban 203. Karibu na Voi, ambako mwinuko ni chini ya mita 600, shinikizo la nje limeshapanda hadi kama 94, na injini ileile hupokea 214 bila mtu kugusa skrubu. Mwenye gari anaona 1.2 ileile. Mombasa ingekuwa 221.

Tofauti ya Nairobi na Voi ni kama asilimia 5, na kwa haki asilimia 5 peke yake haivunji pistoni yenye afya. Ilikuta injini ambayo tayari ilikuwa imesimama ukingoni, na ni muhimu kueleza jinsi ilivyofikishwa hapo. Kwanza, hata huku juu turbo ilikuwa inafanyishwa kazi isiyo yake. Kutoka kilopaskali 83 kwenda 203 ni kuikandamiza hewa mara 2.45, wakati namba hiyohiyo ya geji pwani ingekuwa mara 2.19 tu. Kompresa ndogo ikisukumwa hivyo hupoteza ufanisi. Ukishuka hadi asilimia 60, hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 22 za Selsiasi hutoka ikiwa na zaidi ya 160. Hiyo ndiyo sababu gari lililegea baada ya mizunguko 4,500: turbo ilikuwa inatengeneza joto zaidi kuliko hewa. Kule bondeni kompresa ilipata nafuu kidogo, lakini interkula ikawa inapozwa na hewa yenye zaidi ya nyuzi 30, na faida ikapotea.

Pili ni lile bomba pana la hewa. Waya wa moto wa sensa ya hewa hupima kasi ya hewa inayoupita, na kompyuta huigeuza kasi hiyo kuwa uzito kwa kuamini kwamba bomba lina upana uliokusudiwa kiwandani. Bomba likipanuliwa, hewa ileile hupita polepole zaidi, kompyuta ikadhani imeingia kidogo na kumwaga petroli pungufu. Hatukutaka kulisema hili kwa kukisia. Baada ya ukarabati tulilifunga tena bomba lile kwa makusudi, kwa shinikizo dogo la 0.5, tukapima: uwiano uliokuwa 11.3 kwa boksi la kiwandani ukawa 12.4. Ni upungufu wa petroli wa kama asilimia 9, na chini ya turbo petroli ya ziada ndiyo inayopoza silinda.

Tatu ni ule waya wa betri. Kwa wiki tatu kompyuta ilikuwa inasikia kugonga na kurudisha taimingi nyuma. Ilikuwa ikiinusuru injini kimyakimya. Betri ilipochomolewa ilisahau yote iliyojifunza. Ile nguvu mpya aliyoisikia mmiliki jioni ile ilikuwa taimingi isiyokuwa na kinga, na aliondoka nayo alfajiri kwenda mahali penye joto zaidi na shinikizo zaidi, gari likiwa limejaa. Ningechagua kosa moja la kulizuia kati ya yote, ningechagua hili, kwa sababu taa ya injini ilikuwa imewaka na kulikuwa bado na usiku mzima wa kuisoma.

Yapo yaliyofanyika vizuri. Mmiliki aliizima injini mara tu alipoona oili, na kwa hilo silinda na hedi zilisalimika. Risiti alizozihifadhi zilituwezesha kujua nini kilifungwa lini. Kubaki na turbo ndogo kumempa alichokiomba tangu mwanzo: msukumo unaanza chini ya mizunguko 3,000 na haukati ghafla.

Udhaifu mmoja umebaki. Interkula ya gari hili imelala juu ya injini, na kwenye foleni ya saa moja bila upepo hugeuka kuwa kitu cha kupasha hewa moto. Sensa ya joto ya kiwandani imo pamoja na sensa ya hewa, kabla ya turbo, kwa hiyo kompyuta haioni joto hilo hata kidogo. Tulifunga sensa nyingine baada ya interkula, yenye kioo kidogo karibu na usukani, na kwenye foleni ya jioni imewahi kusoma nyuzi 68. Kompyuta ya kiwandani haiwezi kuipokea. Ni macho ya dereva tu. Maelekezo tuliyompa mmiliki ni kwamba namba ikiwa juu ya 50 asikanyage mafuta zaidi ya nusu, na kwamba kilomita mbili za mwendo wa kawaida zinatosha kuishusha.